Nyumba ya Wageni ya Shinani

Anayetaka ukweli mkavu akamtafute hakimu. Mimi nina hadithi, na hadithi huliwa na chumvi yake. Asiyependa chumvi asogee, mwenye njaa aje mbele. Mmekaa? Haya.

Palikuwa na mama mmoja, Bi Mashavu, mpika vitumbua, mnene wa mwili na mwepesi wa ulimi. Alikuwa akimsindikiza mkaza mwanawe, Mboni, kwenda kujifungulia kwao. Ndiyo desturi: mtoto wa kwanza huzaliwa kwa bibi yake mzaa mama, ili binti akandwe maji ya moto na mikono iliyomlea. Mtoto wa kwanza akizaliwa ugenini ni aibu, na aibu hiyo huangukia upande wa mume. Tena mama yake Mboni alikuwa mtu wa kukumbuka mambo. Harusini kwa Mboni na mumewe pilau liliungua kidogo chini, na mpaka leo hajanyamaza. Kwa hiyo Bi Mashavu aliapa mjukuu wake hatazaliwa njiani, hata ikibidi ambebe Mboni mgongoni.

Lakini mimba haisikilizi kiapo cha mtu. Walipokuwa katikati ya nchi ya Shinani, Mboni alishika kiuno, akasimama.

"Mama, nadhani ndiyo hii."

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo hii, mama."

"Toba! Huwezi kusubiri hata keshokutwa?"

Mboni alikuwa binti wa maneno machache, na hayo machache alikuwa amekwisha kuyasema.

Sasa kabla uchungu haujamrudia, niwaambie kidogo habari za nchi hiyo. Shinani ni nchi nzuri. Mashamba yake yamepaliliwa, watu wake wapole, salamu zao ndefu. Ila ina mashimo. Sokoni shimo, njia panda shimo, mbele ya kinyozi shimo. Kila shimo lina ngazi na kibao, na kibaoni pameandikwa neno moja. Washinani wana sheria inayozipita sheria zao zote, nayo huitwa Sheria ya Chimbuko: kila kitu kifanye ile kazi iliyotajwa na jina lake siku jina hilo lilipozaliwa. Neno likiwa limetoka mbali, wataalamu wao, waitwao Wachimbaji, hulifuata hukohuko kwa wenyewe, kisha hulichimbia shimo. Neno changa shimo lake fupi. Neno kongwe shimo lake refu, hata aliyesimama chini huioni kofia yake. Na maana ya neno haitamkwi ila na Mchimbaji aliye chini kabisa. Anayesema akiwa juu, huo ni uvumi.

Walianza na maneno ya nyumbani. Walipoyamaliza wakaingia kwenye maneno yaliyoletwa na Waingereza, na huko ndiko walikonogewa. Walichimba skuli, wakapita Uingereza, wakapita Roma, wakafika kwa Wayunani wa kale, wakakuta kwamba zamani hizo neno hilo lilikuwa na maana ya wasaa, muda wa mtu kutulia na nafsi yake. Kesho yake watoto wote wa Shinani walipewa mikeka wakalale madarasani, na mwalimu aliyekutwa na chaki aliitwa barazani kujieleza. Watoto, nisiwafiche, hawakulalamika. Wakachimba benki, wakakuta benchi. Basi ukienda benki ya Shinani utakuta mabenchi mazuri sana, ukae mpaka uchoke, uende zako.

Bi Mashavu hakuyajua hayo. Yeye alimkamata mama mmoja muuza ndizi kwa mkono.

"Dada, hospitali iko wapi?"

"Ile pale yenye bendera. Mmechukua zawadi?"

"Zawadi ya nini?"

Muuza ndizi alimtazama kwa huruma. "Si mnakwenda hospitali? Mtaendaje ugenini mikono mitupu?" Akawapa kichane kimoja bure. Nimesema ni watu wapole.

Juu ya lango la hospitali pameandikwa kwa rangi ya dhahabu: MGENI NJOO, MWENYEJI APONE. Bi Mashavu alipoisoma moyo wake ulitulia, akajisemea kwamba watu wenye methali kama hiyo hawawezi kuwa wabaya. Na hapo chini ya maandishi alisimama mtu mmoja mnene, koti jeupe, mashavu yanang'aa kama sufuria jipya. Huyo ni Bwana Shibe, Mwenyeji Mkuu.

"Karibuni wageni! Karibuni sana! Hamjambo? Habari za mtokako? Watu wa huko hawajambo? Na mifugo?"

"Bwana, nina mgonjwa hapa! Ana uchungu!"

Bwana Shibe akaziba masikio. "Mama, lugha! Humu hakuna mgonjwa. Humu mna mgeni." Akawaonyesha shimo kubwa katikati ya ua, refu kuliko yote Bi Mashavu aliyoyaona, lenye ngazi tatu zilizoungwa. "Hospitali. Sisi tumelipokea kwa Waingereza, nao walilipokea kwa Wafaransa, nao kwa Warumi. Huko chini kabisa hospitali ni nyumba ya kupokelea wageni. Hakuna habari ya ugonjwa wala sindano. Ni chai, kitanda na mazungumzo. Mnapenda tangawizi?"

Wakaingia. Vitanda vimejaa wageni, na wengi wao miguu imevunjika, kwa sababu nchi yenye mashimo huvunja miguu. Kila mmoja ameshika kikombe. Mzee mmoja aliyetumbukia kwenye shimo la Benki alikuwa akishukuru kwa meno yaliyobaki, anasema chai ya pale haina mfano. Kule mwisho wa chumba, juu ya jukwaa dogo, palikuwa na kiti kirefu kimefunikwa kitambaa cheupe, kitupu. Bi Mashavu alitaka kumkalisha Mboni hapo, wakamzuia watu wanne kwa mpigo.

"Hicho ni kiti cha Nesi Mkuu!"

"Yuko wapi mwenyewe?"

"Hajapatikana bado."

Hao wanne walikuwa wanaume wenye ndevu, kila mmoja na jagi la maziwa mkononi, na kwenye koti la kila mmoja pameandikwa Kaimu Nesi. Wachimbaji walikuwa wamelichimba neno nesi wakakuta chini yake mwanamke anayenyonyesha. Sasa, hawa akina baba wa watu wangefanyaje? Serikali ikatafakari, ikawapa majagi, ikasema wakaimu hivyo hivyo mpaka apatikane wa kweli. Walikuwa wamekaimu tangu nywele zao zikiwa nyeusi.

Kisha akaja daktari. Jina lake Mtondoo, mwembamba, mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri, na mikono yake miwili imefungwa nyuma kwa utepe wa kijani.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye daktari."

"Marahaba, baba. Alhamdulillahi! Mshike huyu."

"Siwezi, mama. Neno langu kwa Warumi lilikuwa na maana ya mwalimu. Mimi nafundisha tu. Mikono hufungwa ili nisije nikatibu kwa bahati mbaya." Akainamisha kichwa. "Mwenzangu mmoja alipima mapigo ya moyo ya mgeni. Sasa anauza mkaa."

Mboni akatoa ukelele uliowanyamazisha wote, hata mzee wa Benki akaweka kikombe chini. Bi Mashavu akapandisha kanga yake kifuani, akafunga fundo.

"Haya, mwalimu. Nifundishe mimi. Lakini fundisha haraka!"

Wallahi, uso wa yule daktari ulifunguka. Miaka yote amefundisha ukuta, leo kapata mwanafunzi. "Nawa mikono mpaka kwenye viwiko! Maji ya moto, sabuni! Sasa piga magoti. Umeona kichwa? Usivute, mama, usivute! Mtoto hang'olewi kama muhogo. Anakuja mwenyewe, wewe mpokee." Bi Mashavu alikuwa amezaa mara tano lakini hakuwahi kuwa upande ule mwingine. Mikono yake iliyozoea kupindua vitumbua bila kuungua sasa ilinyooshwa kumpokea mtoto. Kila alichoambiwa alifanya, na kila alichofanya aliambiwa, "Vizuri, vizuri sana," mpaka kikatoka kitoto cha kike, kimekunja uso kama kina mashtaka. Kikalia. Bi Mashavu akalia. Daktari Mtondoo naye akalia, na kwa kuwa mikono imefungwa, Bi Mashavu akamfuta machozi kwa pindo la kanga.

Furaha hiyo haikufika mbali. Kesho yake Mboni aliamka akiwaka. Ukimgusa paji la uso unarudisha mkono. Daktari alisimama miguuni pa kitanda, akafundisha kwa sauti ndogo.

"Homa ya uzazi, mama. Dawa yake ipo, chupa moja, kwenye kabati la Bwana Shibe. Ikitumiwa mapema mtu hupona. Ikichelewa..." Akaacha hapo. Somo hilo hakutaka kulimaliza.

Bi Mashavu akaenda mbio, akafika kabatini wakati wa ibada yao ya asubuhi. Bwana Shibe amesimama mbele, akatamka kwa sauti, "Mgeni njoo!" Makaimu na watumishi wote wakaitikia kwa pamoja, "Mwenyeji apone!" Kila mmoja akanywa kijiko cha dawa, wakafuta midomo.

"Mnakunywa dawa nyinyi?"

"Methali inasema nani apone?" akauliza Bwana Shibe taratibu, kama anayemfundisha mtoto. "Mwenyeji. Tukimpa mgeni, tumeivunja."

"Na nyinyi mnaumwa nini?"

"Hatuumwi kitu, tunashukuru Mungu. Si unaona dawa inavyofanya kazi?"

Alimbembeleza. Alimwambia yule ni mtoto wa mwenziwe, na kuna kichanga cha siku moja pembeni yake. Alimpa vitumbua vyote alivyokuwa amepika kwa ajili ya mama yake Mboni. Bwana Shibe akavipokea kwa mikono miwili, akasema havijapata kutokea, akaamuru Mboni aongezewe chai.

Bi Mashavu akarudi akakaa chini kando ya kitanda. Aliogopa. Yeye ambaye angeweza kumjibu mkusanya ushuru, mshereheshaji wa harusi na mama yake Mboni kwa pumzi moja, maneno yalimwisha. Alimpenda Mboni, jamani. Hakuwahi kumwambia, maana mkaza mwana haambiwi hivyo hivyo tu, lakini alimpenda kuliko alivyotarajia, na sasa alimwona anateketea mbele yake huku watu wazima wenye majagi wakimuuliza kama anataka sukari.

Siku ya tatu asubuhi ngoma ikalia uani. Wakaingia makaimu wawili wamebeba jembe jipya juu ya mto wa hariri. Nyuma yao Bwana Shibe, na nyuma yake, kwa mwendo wa kobe, Mzee Kisiki, Mchimbaji Mkuu wa Shinani, mtu mkavu mwenye ndevu zilizojaa vumbi na magoti yaliyokwisha kwa kupanda na kushuka ngazi.

"Mgeni siku mbili!" akatamka Bwana Shibe.

"Siku ya tatu mpe jembe!" wakaitikia.

Wakalilaza jembe kando ya Mboni. "Shamba liko nyuma ya jiko," Bwana Shibe akaeleza kwa upole. "Leo tunapalilia mihogo."

"Mtu huyu hawezi hata kusimama!"

"Apalilie amekaa. Sisi si watu wa kulazimisha."

Wageni wengine wenye majembe yao chini ya vitanda walitazama pembeni. Daktari Mtondoo aling'ata mdomo. Na hapo kichanga kikalia, kwa njaa tu, hakijui sheria za watu. Mboni, macho yamefumba, midomo imekauka, akakivuta kifuani akakipa ziwa.

Bi Mashavu akamtazama mtoto. Akawatazama wanaume na majagi yao. Akakitazama kile kiti kirefu. Nawaambia, hapo ndipo maneno yalipomrudia.

"Mzee Kisiki, shikamoo. Mgeni anaruhusiwa kuuliza?"

"Marahaba. Anaruhusiwa."

"Nesi ni nani?"

"Neno hujibiwa shimoni," mzee akasema, na kwa kweli alifurahi, kwa sababu watu siku hizi walikuwa hawamuulizi kitu. Wakatoka wote uani. Mboni wakambeba na kitanda chake, kama Bi Mashavu alivyotaka. Mzee akashuka shimo la Nesi, kando ya lile la Hospitali, ngazi inalia, magoti yanalia, mpaka sauti yake ikaja kutoka chini kama ya mtu aliye ndani ya mtungi.

"Nesi! Kwa Waingereza wa kale alikuwa mama anayekodiwa kunyonyesha! Kwa Warumi kabla yao, mwanamke anayelisha kwa ziwa! Nesi ni anayenyonyesha, na mwingine hapana!"

"Rudia, mzee wangu. Bwana Shibe hakusikia vizuri."

"Anayenyonyesha! Na mwingine hapana!"

Bi Mashavu akaufunua mtandio uliomfunika mtoto. Mtoto alikuwa akinyonya kwa bidii, mguu mmoja unapiga hewa. Ua mzima ukaisikia ile sauti ndogo ya kumeza.

"Lakini huyo ni mgo... ni mgeni!" akasema Bwana Shibe.

"Haya, nionyeshe mwingine anayenyonyesha hapa. Wewe?"

Kaimu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Kutoka shimoni Mzee Kisiki akauliza, "Kuna nini huko juu? Amepatikana?"

"Amepatikana, mzee!" akapaza sauti Daktari Mtondoo kabla hajaulizwa, akaushangaa ujasiri wake mwenyewe. "Ananyonyesha mbele ya macho yangu!"

"Basi kiti ni chake!" ikaja hukumu kutoka chini ya ardhi, na hukumu ya chini haina rufaa.

Makaimu wakaangua kilio cha furaha. Mmoja akaweka jagi lake chini, akanyoosha mkono uliokuwa umekufa ganzi miaka na miaka. Wakaleta kiti, wakakifunua, wakamkalisha Mboni na mtoto wake, wakamwegemeza kwa mito. Bi Mashavu hakungoja hotuba.

"Nesi Mkuu ni mwenyeji au si mwenyeji?"

"Ni mwenyeji," akasema Bwana Shibe kwa shida.

Na Bi Mashavu, kwa sauti ile anayoitia wateja sokoni, akatamka, "Mgeni njoo!"

Mazoea yana taabu. Wote wakaitikia, "Mwenyeji apone!" na Bwana Shibe, bila kufikiri, akatoa mfukoni ile chupa aliyoichukua kabatini kwa ibada ya asubuhi, akaipeleka mdomoni. Haikufika. Bi Mashavu aliinyakua kama anavyonyakua kitumbua kinachotaka kuungua, akampa Mboni kijiko cha kwanza, huku daktari akifundisha kwa kelele kiasi cha dawa na saa za kuinywa.

Ilikuwa kazi, lakini homa ilishuka. Siku Mboni alipoomba uji wa pilipili manga, Bi Mashavu alikwenda nyuma ya jiko akalia peke yake kwenye mihogo, kisha akarudi akamwambia amekonda kama ufagio. Mboni akatabasamu. Alielewa.

Sasa, kwa kukaa kwenye kiti kile, Mboni alikuwa akimwona kila anayeingia na kutoka. Siku moja jioni Bwana Shibe alikuwa akifunga vifungo vya koti aende zake, Mboni akamwita.

"Bwana Shibe, unalala wapi?"

"Kwangu, Nesi Mkuu. Kule ng'ambo ya soko."

"Na hawa wenye miguu iliyovunjika?"

"Hapa."

"Mtu anayekuja mahali asubuhi, akanywa chai, jioni akarudi kwake, nyinyi mnamwitaje?"

Kutoka kitandani mzee wa Benki ndiye aliyejibu. "Mgeni huyo."

"Na anayelala hapo hapo usiku na mchana?"

"Mwenyeji!" wakasema kwa pamoja wale waliokuwa vitandani, na sauti zao zilikuwa kubwa kuliko nilivyotarajia mimi, seuze yeye.

"Umekuwa ukija tangu lini, Bwana Shibe?"

"Tangu ujana wangu."

"Basi siku ya tatu imekupita zamani," Mboni akasema kwa upole, na kwa mguu akalisogeza lile jembe jipya likamfikia.

Ilipigwa mbiu. Mzee Kisiki akaitwa ayapinge maneno ya Mboni, kwa sababu kama mwenyeji ni anayelala na mgeni ni anayekuja kuhudumu, hospitali yote imepinduliwa. Akalishuka shimo la Hospitali, ngazi zote tatu, akakaa huko muda mrefu hata wakaanza kumuombea. Aliporudi alikaa kwenye ukingo, akapangusa vumbi.

"Nimefika mahali ambapo sikuwahi kufika," akasema. "Neno lile la Warumi ambamo hospitali imetoka, lilikuwa moja tu kwa wote wawili. Mgeni na mwenyeji wao waliwaita jina lile lile. Nimepapasa huko chini nikitafuta ukuta unaowatenga, sikuuona." Akamgeukia Mboni. "Fanya unavyoona, binti yangu. Na mniletee chai."

Hawakubadilisha hata herufi moja langoni. Kwa nini wabadilishe? Mgeni njoo: Bwana Shibe na makaimu na Daktari Mtondoo wanakuja kila asubuhi. Mwenyeji apone: yule aliyelala kitandani anapewa dawa. Amri ya kwanza ya Mboni ilikuwa kwamba kwake mgeni hafungwi mikono, akaufungua ule utepe wa kijani mwenyewe. Daktari aliitazama mikono yake kama mtu aliyeletewa zawadi kutoka safarini. Anatibu siku hizi, ila kufundisha hakuweza kuacha. Ukienda kwake na jipu, utapona, na utaondoka unajua habari zote za majipu, utake usitake.

Na majembe? Kila mwenye afya alipewa lake. Kwanza walipalilia mihogo, kisha Bwana Shibe, akihema, jasho linamtoka, akauliza kama hakuna kazi nyingine. Ipo, akaambiwa. Wakafukia mashimo ya njiani, moja baada ya jingine, na vitanda vya hospitali vikaanza kubaki vitupu. Shimo la Hospitali wakaliacha, wakalizungushia ua imara na kulifanyia kifuniko, ili anayetaka kujua neno limetoka wapi ashuke aone, kisha apande arudi kwenye shughuli zake. Mashavu ya Bwana Shibe yamepungua kidogo. Mkewe anasema sasa ndiyo amekuwa mtu.

Mboni alipopata nguvu alikiachia kiti mama mwingine aliyejifungua wiki hiyo, wakaaga. Washinani waliwasindikiza mpaka mpakani kwa salamu ambazo zilikuwa bado hazijaisha walipopotea machoni.

Mama yake Mboni alikuwa mlangoni, mikono kiunoni. Alimkumbatia binti yake, akampokea mjukuu, akambusu kisogo na nyayo. Kisha akainua macho, na Bi Mashavu akajua lile pilau la harusini linakuja.

"Yaani mjukuu wangu wa kwanza kazaliwa ugenini?"

"Ugenini?" Bi Mashavu akaushusha mzigo wake, akakaa bila kukaribishwa, akanyoosha miguu. "Thubutu! Huyu kazaliwa mwenyeji. Wageni walikuwa shambani wanalima."

Nami chumvi yangu imekwisha. Aliyeshiba aoshe vyombo.